Anyango na Ukuta wa Kisima

Ukiuliza watu wa Kamere ya chini, hapa kando ya Ziwa Naivasha, Anyango ni nani, wengi watakuambia ni yule mama mkali wa pampu. Na alikuwa mkali kweli. Hukuruhusiwa kugusa mdomo wa bomba kwa mkono, hata kama umetoka ibadani sasa hivi. Mtungi wako ukiwa na matope kwa chini, alikurudisha nyumbani ukauoshe, na ukirudi unaanza foleni nyuma. Alisema tope likidondoka pale kwenye saruji litatafuta njia ya kuingia ndani, na humo ndani tunakunywa sote. Gathogo, yaani Baba Mwaura, mwenyekiti wa kamati yetu ya maji, ambaye ana hoteli ya chai pale kona, alizoea kumtania kwamba serikali ikimpeleka Anyango mpakani jeshi litapumzika.

Mimi na yeye tumeishi ploti moja, mlango wangu ukiangalia wake, tangu tukiwa wasichana wa grinihausi kwenye shamba la maua. Haya ninayoandika mengi niliyaona kwa macho yangu, na mengine aliniambia mwenyewe tukichambua mboga.

Alifika Naivasha akimfuata dada yake mkubwa, ambaye alikuwa ametangulia kupata kazi ya kukata waridi. Siku hizo huku chini hakukuwa na maji ya kunywa ila ya ziwa. Wanawake walikuwa wanateka alfajiri kabla ya kwenda kazini, na saa hiyo hiyo ndiyo viboko hurudi majini wakitoka kula nyasi. Kiboko akikukuta umesimama kati yake na maji, hakupi nafasi ya kueleza. Dada yake Anyango alikutwa hivyo, akiwa ameinama na mtungi. Walimzika kwao Nyakach, na Anyango akarudi peke yake kuchukua ile nafasi ya kazi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na wadogo wa kulisha.

Tangu wakati huo alikuwa na neno moja tu. Akina mama wapate kisima mbali na ziwa. Alilisema kwenye kikundi chetu cha kanisa mpaka wengine wakawa wanatabasamu akisimama. Lakini Mungu alisikia. Tulipata fundi wa kuchimba kutoka Subukia, mtu wa maneno machache, akateremka chini na kushindilia pete za saruji moja juu ya nyingine. Wafadhili fulani wakatuletea pampu ya mkono. Maji yalikuwa na ladha kidogo ya magadi, na yalitia meno ya watoto rangi ya kahawia kama maji mengi ya bonde hili, lakini hakuna mwanamke aliyesimama tena mbele ya kiboko kwa sababu ya maji. Wakati kifua kilipomsumbua Anyango kwa sababu ya dawa za kupulizia maua na akaacha kazi, kamati ilimpa ufunguo wa pampu. Alikaa pale chini ya mwavuli wake kila siku isipokuwa wakati wa ibada.

Kisha ziwa likaanza kupanda.

Mwanzoni tulifikiri ni mvua tu, litarudi. Lilichukua vibanda vya wavuvi, likachukua mashamba ya sukuma wiki, likaingia kwenye nyumba za mstari wa kwanza. Watu walibeba mabati yao wakasogea juu. Vyoo vya shimo vilijaa kutoka chini, na yaliyokuwa yamezikwa yakaelea. Ukisimama pale jioni ulikuwa unaona maji mengi mpaka ng'ambo, mazuri kwa macho, na harufu yake hukuweza kuivumilia. Viboko nao walikuja pamoja na maji. Tulikuwa tunawasikia wakitafuna nyasi nyuma ya kanisa.

Anyango hakuogopa nyumba yake kuzama. Alikuwa anaangalia kisima. Kila asubuhi alitembea kutoka kwa pampu mpaka ukingo wa maji, na kila asubuhi matembezi yalikuwa mafupi zaidi. Alijua maji ya ziwa pamoja na uchafu wa vyoo yakifikia zile pete, kisima kimekwisha, na akina mama watarudi ziwani. Gathogo na kamati walikwenda ofisi za serikali mjini mara nyingi. Waliambiwa wangoje, kuna mpango. Lori la maji lilikuja, likakwama kwenye tope kule juu, na halikujaribu tena.

Sasa niwaeleze juu ya pamisi, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Pamisi ni yale mawe mepesi yenye matundu matundu, ya volkano, ambayo makampuni ya maua hujaza kwenye mitaro ya kupandia waridi badala ya udongo. Waridi halipati chakula kwenye jiwe, kwa hiyo mbolea huyeyushwa kwenye tangi na kudondoshwa kwa mipira myembamba ya maji usiku na mchana, miaka yote. Pamisi ikichakaa, hutolewa na kumwagwa nje ya ua, na mtu yeyote huchukua. Sisi watu wa Kamere tumeitumia kwa kila kitu. Tumeinulia sakafu za nyumba, tumejazia mashimo ya barabara, tumetengenezea njia ya kanisani ili akina mama wasichafue viatu.

Anyango alikuwa amefanya kazi juu ya mitaro hiyo kwa miaka mingi. Alikuwa ameona maji yanayotoka chini ya pamisi. Yalitoka meupe kama ya mvua, hata kama juu yaliingia na vumbi. Akasimama kanisani siku ya mkutano akasema tuzungushe kisima na ukuta wa gunia za pamisi, kwa nje tupake udongo wa mfinyanzi, na pampu tuiinue. Alisema ziwa likifika, litakalopenya litakuwa limechujwa.

Hakuna aliyeona kosa. Wote tulikuwa watu wa maua, au watoto wa watu wa maua, na sote tulijua pamisi inachuja. Gathogo alisema hilo ndilo jambo la maana la kwanza kusikia tangu ziwa lipande.

Ile kazi ilikuwa ya furaha. Akina mama tulishona gunia tukiimba, vijana walisukuma mikokoteni kutoka kwenye ua wa kampuni, na Gathogo alileta chai na mandazi, akisema wale wanaobeba gunia mbili wapewe mandazi mawili, na Anyango kwa kuwa anabeba maneno tu apewe chai kavu. Pamisi nyingine ilikuwa na unga mweupe juu yake, kama chumvi iliyokauka. Ulikuwa unabaki mikononi tukajipangusa kwenye leso. Ukuta ulipokwisha, mchungaji aliomba, tukazunguka kisima tumeshikana mikono.

Ziwa lilifika. Lilisimama kwenye gunia likabaki hapo, na ndani ya kisima maji yakapanda. Anyango alikuwa wa kwanza kupiga pampu, akajaza glasi, akaiinua mbele ya jua. Yalikuwa safi kuliko yalivyowahi kuwa. Jumapili hiyo watu walitoa ushuhuda, na Anyango alilia mbele ya kanisa, mtu ambaye hatukuwahi kumwona akilia.

Katika ploti yetu, mlango wa tatu, alikuwa anakaa msichana anaitwa Jepleting, mzaliwa wa upande wa Njoro, anayefunga maua kwenye pakihausi. Alikuwa na mtoto wa kwanza, Natalie, mtoto mnene wa kucheka, ambaye baba yake alipotea mapema. Likizo ya uzazi ilikwisha karibu na Februari, wakati maua ya wapendanao yanapowaweka wasichana kazini mpaka giza. Maziwa ya kifua yakapungua. Jepleting akaanza kumpa mtoto maziwa ya unga, na mchana alimwacha kwa Anyango chini ya mwavuli pale kwenye pampu.

Anyango alimfundisha kila kitu, maana mama mzazi wa Jepleting hakuwa karibu. Alimwonyesha namna ya kuosha chupa. Alimwambia achemshe maji sana, asiyaondoe yakianza tu kutoa povu, ayaache yachemke mpaka aone yamepungua kwenye sufuria, hapo ndipo kila mdudu amekufa. Jepleting alikuwa mtoto wa kusikia. Alfajiri nilikuwa naona mwanga wa jiko lake chini ya mlango na kusikia sufuria ikinguruma kwa muda mrefu. Kisha aliyatia kwenye chupa ya chai, akamkabidhi Anyango chupa na mtoto.

Natalie alianza kubadilika kidogo kidogo. Tulidhani ni baridi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau asubuhi, na kucha zake pia. Halafu akaacha kucheka. Alipumua haraka kama mtu aliyepanda mlima, lakini hakuwa na homa wala kikohozi. Kwenye zahanati walisikiliza kifua, wakampa dawa, wakasema apewe maji na maziwa kwa wingi. Anyango akampa kwa wingi. Alimshika yule mtoto mapajani akimdondoshea kidogo kidogo, na mtoto alizidi kuwa na rangi ya jivu.

Siku waliyompeleka hospitalini mjini, mimi nilikwenda nao. Daktari alipomtoa damu, ilitoka rangi ya kahawa. Alisimama akiiangalia ile sindano, kisha akageuka akamuuliza Jepleting mtoto anakunywa maji ya wapi. Wakakimbia kutafuta dawa, wakapiga simu Nakuru. Natalie hakungoja. Alifariki mikononi mwa Anyango, kwa sababu Jepleting alikuwa ametumwa kaunta na karatasi.

Alizikwa Njoro kwa babu yake. Mvua ilinyesha, na udongo wa kule ni mweusi, unashika viatu.

Baadaye akaja afisa wa afya ya umma, kijana mpole aitwaye Kiptanui, akachukua maji ya kisima kwa chupa ndogo. Aliporudi na majibu hakuita mkutano kwanza. Alikuja moja kwa moja kwenye ploti, akaomba kiti, akakaa pamoja na sisi watatu, mimi, Anyango na Jepleting ambaye alikuwa amerudi kuchukua nguo zake. Alisema hakuna mdudu wa kutisha ndani ya maji yale. Kuna chumvi ya mbolea, nyingi sana. Mtu mzima anaweza kuinywa asihisi kitu, lakini kwa mtoto mchanga inaharibu damu, damu inashindwa kubeba hewa. Akauliza zile gunia pale kisimani zimejazwa nini.

Anyango akamwambia.

Kiptanui alivua kofia akaishika. Aliuliza kama tulikuwa tumeziosha. Anyango alisema hapana, alijua zinachuja. Alieleza vizuri, kama mtoto anayejibu mwalimu, kwamba maji yanayotoka chini ya mitaro ni meupe. Kiptanui akasema ndiyo, ni meupe, kwa sababu mbolea ikiyeyuka haina rangi. Maji ya ziwa yalikuwa yanapita ndani ya pamisi yakiosha mbolea ya miaka yote na kuipeleka kisimani.

Jepleting akasema, bila kuinua sauti, "Lakini nilichemsha."

Akamgeukia Anyango.

"Nilichemsha, Mama. Ulisema nichemshe mpaka yapungue, nikachemsha mpaka yakapungua."

"Ulichemsha vizuri, mwanangu," Anyango akasema.

Jepleting akamgeukia kijana. Akamuuliza kama kuchemsha kulisaidia hata kidogo. Naomba Mungu amrehemu yule kijana, kwa sababu angeweza kusema uongo na mimi ningemwombea hata kwa huo uongo. Alisema ukichemsha, maji ndiyo yanayoondoka kwa mvuke. Chumvi inabaki. Yakipungua, inakuwa kali zaidi.

Jepleting alisimama, akachukua begi lake, akaenda barabarani. Anyango alibaki amekaa na mikono yake imelala mapajani, viganja juu.

Nilijaribu kumwambia kwamba sote tulibeba zile gunia na sote tuliomba pale. Alinisikiliza. Nilijaribu kuomba pamoja naye, naye akafumba macho, lakini nilipomaliza hakusema amina. Sijawahi kumwambia mtu hilo mpaka leo.

Mkutano wa kamati ulifanyika kanisani. Kiptanui alisema mtoto asinywe maji yale wala mama mjamzito, na kwa ushauri wake asinywe mtu yeyote. Tukamuuliza tukiziondoa gunia itakuwaje. Alisema ile chumvi imeshashuka ardhini, na tukiziondoa ziwa lenye uchafu wa vyoo litaingia moja kwa moja, tutapata kipindupindu. Tukauliza basi tunywe nini. Alisema ataandika ofisini kuomba lori. Watu walicheka, si kwa ubaya, ila barabara yenyewe walikuwa wameiona.

Gathogo alisimama akasema neno la watu wengi. Wakubwa hawafi na maji haya. Tuache kisima wazi, wenye watoto wajitafutie. Kijana mmoja wa bodaboda akasema maji ya huku yalituharibia meno tangu tuzaliwe na bado tulipata mabibi, na kanisa likacheka tena. Akina mama waliuliza wenye watoto watajitafutia wapi, na jibu tulikuwa tunalisikia likitafuna nyasi nyuma ya ukuta. Anyango aliomba kisima kifungwe. Alisema mara moja tu, akakaa. Kura zikapigwa, na kisima kikabaki wazi.

Kwa hiyo alirudi chini ya mwavuli. Hakuuliza tena juu ya matope kwenye mitungi. Aliuliza kila mtu kama ana mtoto mdogo nyumbani, au jirani mwenye mtoto, au mimba. Watu walimdanganya kwa upole. Walisema maji ni ya kufua. Walisema mtoto ameshapelekwa kwa nyanya. Chelagat, mke wa fundi wa viatu, alifika na tumbo limetangulia mbele yake kama mwezi mpevu, akasema ni ya kuosha nyumba. Anyango aliangalia lile tumbo, akaangalia uso wa Chelagat, na yule msichana akatazama pembeni. Alikuwa na haki ya kuogopa. Wiki hiyo kiboko alikuwa amempasua mtu kule upande wa wavuvi.

Anyango alimjazia mtungi. Nilikuwepo.

Chelagat alijifungua salama, mtoto wa kiume. Kama desturi yetu, akina mama wa kikundi tulikwenda kumwona mtoto, tumebeba uji kwenye chupa, sukari, sabuni na nguo. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Subukia kumtunza mzazi. Tuliingia, tukaimba wimbo mmoja, tukapewa mtoto tumpokezane. Alipofika kwa Anyango alianza kulia, na mama mkwe akamchukua akisema ana kiu. Alikuwa na kikombe kidogo chenye maji ya vuguvugu na sukari, na kijiko. Wengi wetu tulilelewa hivyo, mtoto wa siku chache akipewa maji ya sukari mpaka maziwa ya mama yashuke vizuri.

Anyango akauliza maji hayo ni ya wapi.

"Ya pampu," yule nyanya akasema kwa fahari ya mgeni aliyeona kitu kizuri. "Maji ya kwenu imekuwa safi kuliko ya kwetu Subukia. Na nimeichemsha sana."

Anyango aliweka mkono juu ya kikombe. Aliongea na yule nyanya kwa sauti ya chini, na Chelagat kitandani akaanza kulia akisema hakujua kama alikuwa anampa mtoto, yeye alikuwa amelala. Sisi wengine tulisimama na chupa zetu za uji, ambao pia tulikuwa tumeupika na maji ya pampu.

Kutoka pale Anyango hakurudi nyumbani. Alipita kwa fundi wa baiskeli akaomba spana, akaenda kisimani. Ilikuwa adhuhuri na foleni ilikuwa ndefu. Aliwaambia watu wasogee, akafungua nati za mpini wa pampu moja moja, akautoa mpini na kichwa chake chote, akavifunga kwa leso. Mwanzoni watu walidhani anatengeneza. Walipoelewa, mama mmoja aliyekuwa karibu kufikiwa alimshika mkono, na mwingine akamwita muuaji. Alisema Anyango aliua mtoto wa mwenzake, na sasa anataka kuwamaliza waliobaki. Anyango alikaza fundo la leso.

Gathogo alikuja mbio kutoka hotelini, bado amevaa aproni.

"Mama, rudisha hiyo kitu."

"Hapana, Baba Mwaura."

"Tulipiga kura."

"Najua."

Gathogo alimsogelea, na utani wote ulikuwa umemtoka usoni. "Kesho hawa wanawake wataenda ziwani. Wewe zaidi ya mtu yeyote hapa unajua maana yake. Kiboko akichukua mmoja, utamwambia nini mume wake?"

Anyango alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, akitafuta jibu ambalo angeweza kumpa yule mzee.

"Sijui," akasema. "Lakini mtoto anayekunywa haya ya hapa, najua ni mimi nampa."

Akaondoka na kile kifurushi. Alipanda gari akaenda kukikabidhi ofisini kwa Kiptanui, ili asije akakubali kukirudisha akiombwa usiku na mtu anayelia. Kamati ilimwondoa kazini, lakini haikuweza kuleta mpini mwingine. Mpaka leo kisima kimefunikwa kwa bati na jiwe.

Akina mama wakarudi ziwani, na Anyango akarudi pamoja nao. Hakuitwa na mtu. Kila alfajiri anavaa gambuti zake za mpira za kazi ya zamani, anaingia majini mbele ya wote mpaka magotini, na anapiga debe tupu kwa fimbo wakati wengine wanateka nyuma yake. Wengine humshukuru. Wengi hawamsalimu. Kifua chake kinakohoa na ile baridi, na mimi nimemsihi aache, kwa sababu debe halimzuii kiboko aliyekasirika. Aliniuliza ni nani basi asimame pale. Maji wanayobeba ni ya kijani, na kila mtoto wa Kamere anajua yametoka kwenye nini.

Jepleting alirudi kazini, maana huko Njoro hakuna kazi. Anakaa mlango ule ule wa tatu. Naye huteka ziwani na wengine. Kiptanui alitutangazia kwamba maji ya ziwa lazima yachemshwe, hayo kweli lazima, na sisi sote tunachemsha. Jepleting hachemshi. Aliniambia hawezi kukaa akiangalia sufuria ikipungua. Anayaacha yatulie kwenye ndoo mpaka tope lishuke, anakunywa ya juu. Anyango anaona, kwa sababu ploti ni moja. Lakini kumwambia msichana yule neno chemsha, hilo hawezi. Alinituma mimi. Nilikwenda nikaongea naye kama mama, naye alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Nimesikia, mama." Jiko halikuwashwa.

Tangu Jumatatu Jepleting hajaenda kazini. Ni tumbo. Jana alikuwa hawezi kutoka kitandani, na midomo imekauka. Tulimtuma kijana wa bodaboda kumfuata Kiptanui, naye Kiptanui akatuma jibu kwamba lori limefunga njia kule juu, atafika akiweza, lakini tusimwache bila kumpa ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji. Anyango alikwenda kuileta dukani mwenyewe. Akarudi akakaa kwenye kizingiti cha Jepleting na pakiti mkononi, hakuifungua.

"Dada," aliniambia, "nichanganye na maji gani?"

Niliingia kwangu nikaleta ya ziwa niliyokuwa nimeyachemsha tangu asubuhi na kuyachuja kwa kitambaa mara mbili. Nilimpa kwenye glasi. Akaiinua kwenye mwanga. Yalikuwa meupe kabisa. Akayaangalia kwa muda, akayanusa, akayaweka chini sakafuni, na ndani tulimsikia Jepleting akiomba maji.

Nilichukua pakiti mkononi mwake nikachanganya mimi, nikamnywesha Jepleting. Leo asubuhi bado anatapika.